Kitambulisho changu kimepotea, mwanangu hajapata chake: tutapiga kura?

"Mimi ni mkaazi wa Kisauni. Zamani nilikaa Likoni, na huko ndiko nilikojiandikisha kupiga kura mwaka 2017. Kitambulisho changu kilipotea kwenye matatu na sijatengeneza kingine kwa kuwa nina pasipoti. Ile karatasi niliyopewa siku ya kujiandikisha nayo siioni. Kazi yangu ni kuparura na kuosha samaki, vidole vyangu havishiki mashine, hata benki hunisumbua. Mwanangu ametimia miaka 18, kaenda kuomba kitambulisho, kaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake mzaa baba, mtu aliyefariki kabla mimi sijaolewa. Jirani anasema tusihangaike: mtoto ataandikishwa kwa karatasi ya kusubiria, na mimi nitapiga kura kwa pasipoti. Ni kweli? Na kama Katiba inasema kura ni haki yangu, mbona haki yenyewe imeshikwa na kadi?"

Dada yangu, umeuliza maswali matano ndani ya moja, na nitayajibu yote. Lakini kwanza nikutoe wasiwasi pale usipostahili kuwa nao, na nikutie wasiwasi pale ulipo mwepesi mno. Vidole vyako si tatizo. Karatasi uliyopoteza si tatizo. Kitambulisho chako ni tatizo dogo lenye dawa inayojulikana. Aliye hatarini kweli ni mwanao, kwa sababu wewe jina lako limo kwenye daftari na yeye hayumo popote. Kwa hiyo kama una siku moja tu ya kuacha samaki na kushughulikia makaratasi, itumie kwa ajili yake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana mengine yote yananing'inia hapo. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura, bila vikwazo visivyo na sababu. Kifungu cha 83 kinaongeza kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi ipangwe kumrahisishia raia anayestahili, si kumnyima. Haki yako basi inatokana na uraia na umri. Kadi haikupi haki hiyo. Kadi ni ushahidi tu kwamba wewe ndiwe uliye raia na kwamba umetimiza miaka 18. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inasema ushahidi huo uwe wa namna mbili peke yake: kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Hapo ndipo ushahidi unapogeuka kuwa mlango, na mwenye funguo za mlango si tume ya uchaguzi, IEBC. Vitambulisho hutolewa na Ofisi ya Usajili wa Watu, iliyo chini ya wizara. IEBC inaweza kuwa na mashine elfu na makarani wapole, lakini kijana asiye na kitambulisho hawana la kumfanyia.

Sasa karatasi. Watu wazima wengi wa Mombasa bado wanakumbuka kadi ya kura, ile iliyokuwa lazima uje nayo kituoni pamoja na kipande chako. Kadi hiyo ilikwisha mwaka 2012, uandikishaji wa alama za vidole ulipoanza. Siku hizi ukijiandikisha unapewa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba ulifika. Ukikipoteza, hakuna ulichopoteza. Siku ya kura hakuna atakayekuomba.

Kitakachoombwa ni hati ile ile uliyojiandikishia. Hapa ndipo jirani yako anapokupotosha. Hati hizo mbili zinakubalika, ndiyo, lakini mtu hachagui asubuhi ya kura aje na ipi. Jina lako limewekwa kwenye daftari likiwa limefungwa na namba ya hati moja. Karani akiandika namba ya pasipoti kwenye mashine ilhali wewe uliandikishwa kwa kitambulisho, mashine haitakuona. Itasema hakuna mtu kama huyo, na karani hatakuwa na makosa. Pasipoti itakufaa uwanja wa ndege wa Moi. Kituoni Likoni haitakusaidia kama 2017 ulitoa kitambulisho. Walioandikishwa kwa pasipoti nao wana shimo lao: pasipoti ikibadilishwa, namba hubadilika. Aliyejiandikisha kwa pasipoti ya zamani kisha akachukua ile mpya ya kielektroniki aende mapema ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake arekebishiwe taarifa zake. Kwa sababu hii, mwenye hati zote mbili ni heri ajiandikishe kwa kitambulisho. Kadi ikipotea mara tatu, namba ya kitambulisho hubaki ile ile.

Hilo la namba kubaki ile ile ndilo linalokuokoa. Kitambulisho kipya, hata kikija katika umbo la kadi mpya iitwayo Maisha, kitakuwa na namba yako ya zamani, na mashine itakutambua kama kwamba hakikupotea kitu. Ila uangalie vizuri: kwenye kadi za zamani kuna namba mbili juu. Ya kushoto ni ya mfululizo wa kadi yenyewe, na hiyo hubadilika kila kadi inapochapishwa. Ya kulia ndiyo namba yako. Watu wengi wanaotuma ujumbe kuulizia kama wameandikishwa hujibiwa kwamba hawamo kwa sababu tu wametuma ya kushoto. Na kwa hisani yako, usiende kujiandikisha upya kana kwamba hujawahi. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na rekodi mbili za mtu mmoja zikikutana, unaweza kukuta huna hata moja.

Kupata kingine si kazi ngumu. Nenda kituo chochote cha polisi uandikishe kwamba kitambulisho kimepotea, upewe abstrakti. Ukiwa na abstrakti na namba ya kitambulisho (kama huikumbuki, tafuta nakala: shuleni kwa watoto, benki, kwenye fomu za bima ya afya, au kwa mwenye nyumba), nenda ofisi ya usajili ya kaunti ndogo yako au Huduma Centre pale GPO, Digo Road. Utachukuliwa alama za vidole na picha, utalipa ada ya kadi ya badala kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na utapewa karatasi ya kusubiria. Ada hizi zimebadilishwa mara kadhaa tangu 2023, zikapanda na nyingine zikasamehewa kwa muda, kwa hiyo soma kiasi cha siku hiyo hapo kwenye eCitizen. Malipo ya serikali hupitia namba moja ya M-Pesa, 222222. Anayetaka umpe mkononi "ili iharakishwe" hana anachoharakisha.

Halafu fuatilia. Kadi zote huchapishwa Nairobi, kisha husafirishwa hadi ofisi ulikoombea. Ofisi za usajili zina rundo la vitambulisho vilivyokwisha kufika na wenyewe hawajaja kuvichukua. Ukiona kimya, usikae nyumbani ukilaumu serikali; pita uulize.

Tuje kwenye vidole. Wewe hauko peke yako. Waparuraji samaki, wakwezi, waashi wanaoshika saruji na chokaa, mafundi wa gereji, madobi na wazee waliopita miaka sabini wote wana vidole vilivyolainika. Mashine hutafuta mistari iliyoinuka kwenye ngozi na mahali inapogawanyika. Magamba na chumvi huikwaruza mistari hiyo kila siku, na maji huikunjakunja. Sasa sikiliza jinsi kituo kinavyofanya kazi. Mashine ya KIEMS, iliyoanza kutumika 2017, ina njia zaidi ya moja ya kukutambua. Ya kwanza ni kidole. Kikikataa, unajaribu kingine. Haijalazimu kiwe kidole gumba. Vyote vikikataa, karani anatafuta kwa namba ya kitambulisho. Mashine inaleta jina na picha yako, karani anaifananisha na uso wako na kadi yako, na msimamizi wa kituo anajaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea. Kisha unapewa karatasi zako za kura kama mwenzako. Fomu hiyo iko kwa ajili ya watu wa kazi zako hasa. Ukiambiwa "vidole vimekataa, rudi nyumbani", usiondoke: mwite msimamizi wa kituo, taja Fomu 32A, na usimame hapo hapo mbele ya mawakala.

Unaweza pia kuipunguzia mashine kazi. Siku mbili kabla ya kura usiparure samaki, au uvae glavu. Paka mafuta ya nazi usiku, lakini asubuhi osha mikono kwa sabuni na uikaushe sawasawa, maana kidole cha mafuta au cha majimaji husomeka vibaya kuliko kidole kikavu. Na kama kuna harusi wiki hiyo, hina na piko zikae kiganjani. Piko iliyokolea kwenye ncha za vidole inaweza kuitatiza mashine.

Ikiwa mashine yenyewe imezimika kabisa, sheria imetaka tume iwe na njia ya ziada. Mwaka 2022 daftari lililochapishwa liliruhusiwa katika sehemu za Kakamega na Makueni baada ya mashine kushindwa kufanya kazi. Lakini hilo huamuliwa na tume, si na karani wa kituo, na huchukua saa kadhaa za foleni. Ujue tu kwamba vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye ndani ya foleni saa kumi na moja ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia.

Je, uhame kutoka Likoni? Hili ni lako kuamua, na sidhani kwamba jibu ni moja. Kwenye uchaguzi mkuu utapewa karatasi sita. Rais, gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake ni wale wale uwe Likoni au Kisauni, kwa kuwa kote ni kaunti ya Mombasa. Zinazobadilika ni mbili: mbunge na mwakilishi wa wadi. Ukibaki Likoni, siku ya kura utavuka feri, ambayo kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini utaonana na msongamano wa wote waliofikiri kama wewe, na utamchagua mbunge wa barabara usizopita. Ukihama, utapigia kura watu watakaoulizwa kuhusu maji na taka za mtaa wako. Mimi kwa mtu aliyekwisha kuhama makao kwa kudumu namshauri ahamishe, mradi kitambulisho kipya kiwe mkononi kwanza. Uhamisho unaombwa kwa kufika mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia, na sheria inataka iwe si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Jumanne, 10 Agosti 2027, hiyo ni hadi 12 Mei 2027. Usipoiwahi tarehe hiyo hujapoteza kura yako, utaipigia Likoni.

Uhame au usihame, hakikisha jina lako. Kabla ya kila uchaguzi mkuu daftari hufunguliwa siku 30 kwa wananchi kulikagua. Mwaka 2017 na 2022 iliwezekana kutuma namba ya kitambulisho kwa 70000, au kwenda mwenyewe kituoni. Wengi hudharau hatua hii. Ukaguzi wa daftari uliofanywa 2022 ulikuta zaidi ya majina 246,000 ya marehemu na zaidi ya rekodi 481,000 zilizojirudia. Daftari la namna hiyo lazima lisafishwe, na panaposafishwa, walio hai nao wanaweza kufutwa kwa makosa, hasa katika mji wenye Fatuma Ali na Mohamed Omar wasiohesabika. Ukikuta jina lako halipo au limehamishwa bila wewe kuomba, peleka dai lako kwa ofisa wa uandikishaji wakati huo wa ukaguzi. Asubuhi ya kura hakuna mwenye mamlaka ya kuliongeza jina lako. Tazama pia mkondo wako: kila kituo hakizidishi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja huwa na mikondo mingi iliyogawanywa kwa herufi za majina. Mtu aliyepanga foleni kwa muda wa saa mbili kwenye mkondo usio wake ataambiwa hayumo.

Sasa unaweza kuuliza: kama kadi ina usumbufu wote huu, si waiondoe? Jibu la haki ni kwamba Kenya imeonja daftari lisiloaminika. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria kwamba daftari la wakati ule lilikuwa na marehemu kama milioni 1.2. Jina la marehemu ni kura inayongojea mtu wa kuipiga. Kitambulisho chenye picha, kikiungwa na vidole, huifanya kazi ya kupiga kura kwa jina la mtu mwingine kuwa ngumu sana, na hilo si jambo la kubezwa na yeyote anayekumbuka ghasia za mapema 2008.

Gharama yake, hata hivyo, iko mahali usipoiona kirahisi. Uingereza, ambako hakuna kitambulisho cha taifa, ilianza kudai hati yenye picha Mei 2023 katika chaguzi za mabaraza. Tume ya uchaguzi ya huko ilihesabu watu wapatao 14,000 waliofika vituoni wakashindwa kupiga kura kwa kukosa hati, na ikasema wazi kwamba hesabu hiyo haiwagusi waliobaki nyumbani. Marekani wamegombana miaka mingi kuhusu jambo hilo hilo. Mahakama ya Juu ya huko iliipitisha sheria ya jimbo la Indiana mwaka 2008, na ugomvi haukuisha. Kwetu mzozo una sura nyingine. Kitambulisho ni lazima kwa kila aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo kituoni ni wachache wanaorudishwa. Wanaorudishwa walirudishwa miaka miwili nyuma, kwenye ofisi ya chifu. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na asilimia ya waliojitokeza ilihesabiwa kutoka kwa hao. Kijana aliyenyimwa kitambulisho hayumo kwenye waliojitokeza wala kwenye waliobaki nyumbani. Hayumo kwenye hesabu.

Pwani tunalijua hili kwa undani zaidi kuliko wengi. Wamakonde wa Kwale walitembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakaanza kupewa vitambulisho mwaka uliofuata, na Wapemba walitambuliwa 2023. Hao walikuwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Mwanao si wa namna hiyo, na usikubali azungumziwe kana kwamba ndiye. Mama yake ana kitambulisho, amepiga kura, ana pasipoti. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mama *au* baba. Babu hatajwi.

Cheti cha babu basi kimetoka wapi? Kimetoka kwenye uhakiki, ule msasa wa ziada ambao kwa miaka umewaangukia Waislamu wa Pwani, watu wenye asili ya Kiarabu, Wasomali, Wanubi na wakaazi wa mipakani. Sheria ya Usajili wa Watu, kifungu cha 8, inamruhusu ofisa kudai ushahidi zaidi na kuunda kamati za kuwatambua waombaji. Lakini kifungu hicho hicho kina mpaka: ushahidi unaodaiwa uwe ule ulio ndani ya uwezo wa mtu kuutoa. Mzee aliyezaliwa kijijini wakati watoto walipokuwa wakizalishwa na mkunga bila kuandikwa popote hana cheti, na mjukuu wake hawezi kukizua. Februari 2025 Rais alitia saini tamko la kuondoa uhakiki wa ziada kwa waombaji wa kaunti za mpakani. Mombasa si kaunti ya mpakani, lakini tamko hilo limekuwa hoja nzuri kwa yeyote anayeulizwa makaratasi ya mababu.

Fanya hivi. Mwanao arudi na faili iliyokamilika kiasi kwamba ofisa asibaki na la kuuliza: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha shule kinachoonyesha umri, nakala ya kitambulisho cha baba yake mbele na nyuma, na ya chako (ndiyo sababu nyingine ya kukitengeneza upesi, nakala ya kadi iliyopotea huzua maswali). Babu amefariki, basi kama kipo cheti cha kifo au kibali cha kuzika, weka nakala. La sivyo, kitambulisho cha ami au shangazi wa upande wa baba hutosha kuonyesha ukoo. Kabla ya kwenda, kaa kitako usome majina yote herufi kwa herufi. Hapa ndipo faili nyingi za Mombasa hukwama, wala si kwa ubaya wa mtu: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule Muhammad, kitambulisho cha baba Mohammed, Athman mmoja ni Othman kwingine, jina la ukoo limeandikwa kwenye hati moja na kuachwa kwenye nyingine. Kwa ofisa hao ni watu watatu. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Kosa kwenye cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kabla ya ombi la kitambulisho, maana kitambulisho kikishatoka na jina bovu, kukirekebisha ni safari nyingine. Kwa jamaa yeyote asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa, usajili wa kuchelewa upo, na huanzia kwa chifu.

Ofisa aking'ang'ania cheti cha babu baada ya hayo, mwanao aombe kwa adabu apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utawala wa Haki ya 2015 vinampa haki hiyo. Mara nyingi ombi hilo peke yake hufungua mlango, kwa kuwa hakuna anayependa kutia saini sharti lisilokuwemo kwenye sheria. Aandike tarehe, ofisi na alichoambiwa kila safari. Zikipita wiki bila jibu, malalamiko yaende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo huyapokea bila malipo, na aende ana kwa ana kwa mashirika ya haki yaliyoko hapa hapa Mombasa kama MUHURI au HAKI Africa. Ikifika hapo usiendelee kusoma majibu kama haya yangu. Inahitajika mtu wa kuishika faili yenyewe, na huenda ikahitaji wakili wa kuipeleka Mahakama Kuu.

Ile karatasi ya kusubiria aitunze, maana ndiyo ya kufuatilia kadi, lakini haitamwandikisha kupiga kura wala haitampigisha kura. Pasipoti nayo haiwi njia ya mkato, kwani mtu mzima haombi pasipoti bila kitambulisho. Mlango ni mmoja.

Na ahesabu siku kurudi nyuma. Kwa sheria uandikishaji husimama siku 60 kabla ya uchaguzi, yaani Juni 2027, lakini usiiwekee imani tarehe hiyo. Mwaka 2022 tume ililifunga daftari mwanzoni mwa Mei ili likaguliwe. Mwaka 2021 kampeni kubwa ya uandikishaji ililenga watu milioni sita ikapata kama milioni moja na nusu, na wengi wakaja kuamka wiki za mwisho foleni zikiwa ndefu. Uandikishaji wa mfululizo ulirejea 29 Septemba 2025 kwenye ofisi za maeneo bunge, sasa ukiwa na picha ya mboni ya jicho juu ya vidole. Wewe uliyeandikishwa zamani hulazimiki kurudia. Yeye, siku atakayochukua kitambulisho, apitie Kisauni kwenye ofisi ya IEBC kabla hajafika nyumbani. Ni shughuli ya dakika chache.

Jambo moja nililoacha, kwa kuwa huwapata vijana zaidi: kadi ikishapatikana, asiiache kwa askari wa geti la jengo, asiiweke rehani kwa mkopo wa shilingi mia tano, wala asimpe "kwa siku mbili" mtu wa kampeni anayekusanya vitambulisho mtaani. Anayekusanya kadi za watu karibu na uchaguzi hahitaji kuzitumia kupiga kura. Inamtosha kwamba siku ya kura wenyewe hawanazo.